Krimu Kali Si Krimu Bora

Muuzaji wa vipodozi, awe na duka Kariakoo au meza kando ya barabara Mombasa, analijua swali la kwanza la mteja: hii inafanya kazi haraka? Jibu huwa liko tayari. Atainua kikopo na kukisifia nguvu zake, kwamba kinang'oa madoa, kinakausha chunusi na kutakatisha uso ndani ya wiki moja. Imani inayoendesha biashara hiyo ni kwamba ubora wa krimu ni ukali wake. Ikiwasha kidogo, inafanya kazi. Ngozi ikibambuka, uchafu unatoka. Imani hiyo inaipotosha ngozi ya rangi yoyote, lakini kwa ngozi nyeusi ina gharama ya ziada, kwa sababu madoa mengi ambayo watu hununua krimu ili kuyaondoa yamezaliwa na kuumia kwa ngozi. Anayetibu doa kwa kitu kinachochoma anaandaa doa jingine. Hoja ya makala haya ni kwamba kigezo cha kwanza cha kuchagua kitu cha kupaka usoni ni usalama wa ngozi yenyewe. Uwezo wa kitu hicho kuibadili ngozi uje nyuma yake, kwa kiasi na kwa subira.

Msingi wa hoja hiyo uko katika namna rangi ya ngozi inavyotengenezwa. Melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake, hutolewa na seli maalumu zilizokaa kwenye kina cha ngozi ya juu. Idadi ya seli hizo inakaribia kulingana kwa watu wa rangi zote. Kinachotofautiana ni wingi wa melanini, ukubwa wa vifuko vinavyoibeba na jinsi vinavyosambaa. Seli hizi huitikia bughudha. Chunusi ikiiva, wembe ukikwaruza kidevu au sabuni kali ikiunguza shavu, kemikali za uvimbe huziamsha, nazo hutoa melanini kupita kiasi. Mtu mweupe akipona chunusi hubaki na alama nyekundu inayofifia. Mtu mweusi hubaki na doa jeusi linaloweza kudumu miezi, na melanini ikizama hadi tabaka la chini, linaweza kudumu miaka. Ndiyo maana chunusi ya wiki moja huacha deni la nusu mwaka. Wengi wanaolalamikia madoa, tatizo lao halisi ni chunusi ambazo hazikutibiwa, zilizotumbuliwa kwa kucha, au zilizotibiwa kwa ukali uliozidi. Kuyafuata madoa na kuiacha sababu yake ni kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Sehemu inayoumia kwanza ni tabaka la juu kabisa, ambalo ni seli zilizokufa, bapa, zilizopangwa safu juu ya safu na kushikanishwa na mafuta ya asili ya aina ya seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Tabaka hilo ni jembamba kuliko karatasi, lakini ndilo linalozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu na kemikali visiingie. Hali yake ya kawaida ni ya uasidi kidogo, pH ya takriban 5. Sabuni nyingi za kuogea za kipande zina pH ya 9 hadi 10, na za kufulia hazikukusudiwa mwili kabisa. Uso unaokakamaa baada ya kunawa si ishara ya usafi, ni ishara kwamba mafuta ya kinga yameondoka pamoja na vumbi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kufikiria ni cha kunawia: kisafishaji laini kisicho na povu jingi wala harufu kali, kitumike mara mbili kwa siku, bila dodoki wala chembechembe za kusugua. Kitu cha pili ni cha kurudisha unyevu, na hapa vitu bora mara nyingi ndivyo vya bei ndogo. Gliserini huvuta maji na kuyashikilia ndani ya ngozi. Mafuta ya mgando, yanayouzwa duniani tangu Robert Chesebrough alipoyapatia hataza huko Marekani mwaka 1872, hayajapata mpinzani wa maana katika kuzuia maji yasipotee. Mwenye uso wa mafuta anaweza kuyaona mazito. Yeye achague losheni nyepesi yenye gliserini, lakini asidhani kwamba uso wake hauhitaji unyevu. Ngozi yenye mafuta mengi inaweza kuwa kavu kwa maji, hasa ikiwa inapakwa dawa za chunusi.

Baada ya msingi huo ndipo inapokuja zamu ya viambata tendaji, vile vinavyobadili kitu fulani katika ngozi. Hapa dhana ya ukali imekwisha kupimwa kitaalamu ikashindwa. Benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi inayouzwa katika famasi nyingi, huja kwa nguvu za asilimia 2.5, 5 na 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 uliulinganisha uwezo wa viwango hivyo vitatu kwa wagonjwa wa chunusi zilizovimba. Asilimia 2.5 ilipunguza chunusi sawa na asilimia 10, lakini iliwasha na kubambua kidogo kuliko hiyo. Anayenunua ya 10 kwa kuamini kwamba nguvu mara nne ni uponyaji mara nne ananunua mwasho tu, na kwenye ngozi nyeusi mwasho huo utaandikwa usoni kwa doa. Mantiki ni ileile kwa retinoidi, jamaa ya vitamini A ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 imekuwa nguzo ya tiba ya chunusi. Huzibua vinyweleo, hufifisha madoa na kuimarisha ngozi inayozeeka, lakini atakayeipaka kwa wingi kila usiku tangu siku ya kwanza ataungua na kuiacha kabla haijamfaa. Kiasi cha punje ya dengu kwa uso mzima, usiku mbili au tatu kwa wiki, kisha kuongeza polepole, ndiyo njia inayofika. Mjamzito na anayetarajia mimba asiitumie.

Vipo viambata vingine ambavyo upole wake ndio unaovifanya vifae. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 hutibu chunusi na madoa kwa pamoja, na ni miongoni mwa vichache ambavyo madaktari huviruhusu wakati wa ujauzito. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia 2 hadi 5 hupunguza vifuko vya melanini vinavyosafirishwa kwenda juu, na husaidia ngozi kutengeneza mafuta yake ya kinga. Asidi ya salisiliki isiyozidi asilimia 2 huingia kwenye vinyweleo vyenye mafuta na kuvizibua. Vitamini C nayo ina ushahidi mzuri, ila katika umbo lake safi huharibika upesi ikikutana na hewa, mwanga na joto; chupa angavu iliyokaa dirishani mwa duka katika joto la Dar es Salaam, na maji yake yamegeuka kahawia, haina tena kilichouzwa. Hakuna uso unaohitaji vyote hivi. Kimoja kinatosha kuanza, na kinahitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa, kwa kuwa ngozi ya juu ya kijana hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja na ya mtu mzima huchukua muda zaidi.

Msomaji anaweza kupinga hapa kwamba anawafahamu watu waliotumia krimu kali na nyuso zao zikapendeza ndani ya siku chache. Hilo ni kweli, na maelezo yake yanajulikana. Krimu nyingi zinazotakatisha kwa kasi hiyo zina steroidi zenye nguvu kama betamethasoni au klobetasoli, dawa halali za magonjwa fulani ya ngozi. Steroidi hunyamazisha uvimbe, hubana mishipa ya damu na kufifisha rangi, hivyo chunusi hutulia na uso hung'aa. Lakini uso si kiganja. Watafiti Feldmann na Maibach walionyesha mwaka 1967 kwamba dawa ya haidrokotisoni, nayo ni steroidi, ikipakwa kwenye paji la uso hupenya takriban mara 6 ya inavyopenya ikipakwa kwenye mkono, na kwenye taya takriban mara 13. Kwa kupenya kwa namna hiyo, miezi michache inatosha ngozi kuwa nyembamba, mishipa kuonekana, nywele kuota usoni na chunusi za aina nyingine kutokea. Baya zaidi ni kwamba mtumiaji akiacha, uso hulipuka kwa wekundu, mwasho na vipele, naye hudhani kwamba krimu ilikuwa ikimsaidia, akairudia. Ule uso uliopendeza wiki ya pili ni mwanzo wa utegemezi huo. Mkorogo, ambapo muuzaji huchanganya krimu mbili tatu ndani ya kopo lisilo na jina, huongeza hatari hiyo kwa kuwa hakuna anayejua, hata mchanganyaji, ni kiasi gani cha dawa gani kimo ndani.

Zebaki na haidrokwinoni, viambata vingine vya kung'arisha ngozi, zina historia ndefu zaidi, na Afrika imeilipia. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi wa watu wazima 60 wenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Kitu kilichopakwa shavuni kilikuwa kimefika kwenye figo. Miaka mitatu baadaye, daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, G. H. Findlay, na wenzake walieleza hali ya wanawake waliotumia krimu za haidrokwinoni kwa muda mrefu: badala ya kuwa weupe, mashavu yao yalikuwa yameota mabaka ya weusi wa bluu yasiyofutika, ugonjwa uitwao okronosisi. Serikali ya nchi hiyo ilijaribu kwanza kupunguza kiwango cha haidrokwinoni hadi asilimia 2, lakini wagonjwa hawakukoma, na mwaka 1990 ikaipiga marufuku kabisa katika vipodozi. Umoja wa Ulaya ulifuata takriban muongo mmoja baadaye. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kiwango hicho ifikapo 2025. Wapo watakaosema kwamba madaktari bado huandika haidrokwinoni. Ni kweli, huiandika kwa kipimo kinachojulikana, kwa miezi michache, juu ya doa lililotambuliwa, pamoja na kinga ya jua na tarehe ya kurudi kliniki. Kilichowadhuru wanawake wa Afrika Kusini ni kuipaka uso mzima, miaka nenda rudi, juani, bila wa kuwaambia basi.

Pingamizi jingine ni la jua: ngozi nyeusi, watu husema, ina kinga yake na haihitaji losheni ya kukinga jua. Nusu ya kauli hiyo ni sahihi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulikadiria kwamba ngozi ya juu ya watu weusi ina kinga inayolingana na SPF (kipimo cha kinga dhidi ya miale ya jua inayounguza) ya 13 hivi, na ya watu weupe 3 hivi. Ndiyo sababu saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni chache kwa watu weusi, na ndiyo sababu hakuna haja ya kumtisha mtu mweusi kwa takwimu za saratani za watu weupe wa Australia. Lakini swali la makala haya ni madoa, na kwa madoa hesabu ni nyingine. Jua ndilo linaloziamuru zile seli za rangi ziendelee kufanya kazi, na kwa ngozi nyeusi hata mwanga unaoonekana kwa macho, usio wa urujuanimno, huweza kuzidisha weusi wa doa. Nchini Moroko, wajawazito 200 waliingizwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na kupewa losheni ya SPF 50 ya kutumia kila siku. Mabaka mapya ya ujauzito yalitokea kwa asilimia 2.7 tu ya waliofika mwisho, katika hali ambayo kwa kawaida huwapata wajawazito wengi. Anayetumia dawa ya madoa usiku na kukaa juani mchana bila kinga anajenga na kubomoa.

Kwa hiyo losheni ya kukinga jua ya SPF 30 ndiyo kipodozi chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa mwenye madoa, na tofauti yake na SPF 50 ni ndogo kuliko bei inavyodai: ya kwanza huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, ya pili takriban 98. Kinachoharibu hesabu ni kupaka kidogo, kwani vipimo hivyo hufanywa kwa tabaka nene ambalo wengi hawalifikii. Mistari miwili iliyojaa, kidole cha shahada na cha kati, inatosha uso na shingo. Zenye oksidi ya chuma, zile za rangi ya kahawia, zina faida mbili kwa ngozi nyeusi: huzuia ule mwanga unaoonekana, na haziachi utando mweupe kama majivu. Bei ni kikwazo cha haki, na kwa asiyeweza kununua, kofia pana, mtandio na mwavuli ni kinga ya kweli. Kwa mtu mwenye ualbino, hata hivyo, jambo hili halihusu urembo. Kwake jua ni hatari ya saratani, na ndiyo maana mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, ilianzishwa kazi ya kutengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hao.

Kwa kuchoshwa na kemikali, wengi hukimbilia jikoni wakisema kwamba cha asili hakidhuru. Kigezo chetu hakiulizi kitu kimetoka kiwandani au shambani, kinauliza kitaifanya nini ngozi. Maji ya limau yana pH ya karibu 2, na ndani yake mna kemikali ambayo ikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi, yaani doa lilelile lililokuwa likikimbiwa. Magadi huvuruga uasidi wa ngozi kwa upande wa pili. Mafuta ya nazi ni mema kwa mwili na nywele, lakini kwa uso wenye chunusi yanaweza kuziba vinyweleo. Kwa upande mwingine, liwa ya msandali ya akina mama wa pwani, ikipakwa bila kusugua na bila kuchanganywa na limau, ni laini kwa ngozi nyingi, ingawa mwenye mzio wa manukato anapaswa kuijaribu kwanza mkononi. Na yafaa kukumbuka kwamba zebaki nayo huchimbwa ardhini, ni ya asili kama udongo.

Linabaki suala la namna ya kuvitambua vitu hivi sokoni. Maneno ya mbele ya kopo ni tangazo. Habari ziko nyuma, kwenye orodha ya viambata. Kwa kanuni ya kimataifa, viambata hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Krimu inayojinadi kwa dondoo la mmea fulani, na mmea huo umeandikwa mwisho kabisa baada ya manukato, inauza jina. Manukato yenyewe ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa vipodozi, kwa hiyo kwa uso, kisicho na harufu ni chaguo salama zaidi. Kopo lisilo na orodha ya viambata, jina la mtengenezaji wala tarehe ya kuisha lisinunuliwe hata likiwa la bei gani. Maelekezo yanayotaka mtumiaji aepushe krimu na vito vya dhahabu au fedha ni dalili ya zebaki. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na nchini Kenya kazi kama hiyo inafanywa na shirika lake la viwango, KEBS. Nembo ya ubora inasaidia, ingawa mkaguzi hawezi kufika kila kibanda, na jicho la mnunuzi bado linahitajika.

Atakayeuliza aanze na nini, aanze na vitatu: kisafishaji laini, kilainishi chenye gliserini au mafuta ya mgando, na kinga ya jua. Akae navyo mwezi mmoja, kwa sababu nyuso nyingi hutulia kwa kuondolewa bughudha tu. Kisha aongeze kiambata tendaji kimoja kwa kiwango cha chini, akijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono kwa wiki nzima, na asiongeze cha pili mpaka amekijua cha kwanza. Chunusi zenye mafundo na maumivu, mabaka yanayosambaa na uso uliozoea steroidi si vya kutibiwa dukani. Mwenye navyo aende kwa daktari wa ngozi, na mtumiaji wa steroidi asiikatishe ghafla kabla ya ushauri huo. Na yeyote anayesimama mbele ya meza ya vipodozi abadilishe swali lake: kabla ya kuuliza kama krimu inafanya kazi haraka, aulize ina nini ndani. Muuzaji asiyeweza kujibu hilo hastahili fedha yake.